Mboga Zinashuka, Wagonjwa Wanafuata

Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33, na sehemu kubwa ni kona juu ya kona. Jua likianza kuzama, malori yaliyosheheni kabichi, karoti na hoho huanza kushuka kupitia Soni, injini zikinguruma kwa gia ndogo, utingo kajikunyata juu ya mzigo na koti zito, maana baridi ya Usambara haina mzaha. Chini Mombo joto linawapokea, wanaingia barabara kuu, na alfajiri mzigo unashushwa Dar es Salaam.

Barabara hiyohiyo ndiyo wanayoshukia wagonjwa. Mtu ambaye miguu imeanza kumkatalia, au maneno yamemvurugikia kichwani, ataanzia zahanati ya kijijini, atafika hospitali ya wilaya Lushoto au ile ya Bumbuli, na ndugu wakiwa na uwezo wataambiwa washuke naye kutafuta kipimo kikubwa. Kipimo kikubwa, siku hizi, maana yake ni MRI, na mlimani haipo. Zinauzwa mbuzi, zinachangishwa pesa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na safari inaanza.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Ni sumaku yenye nguvu kubwa inayosoma maji yaliyomo mwilini. Katika aina moja ya picha zake, ambayo wataalamu huiita T2, penye maji mengi hung'aa: maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo huonekana meupe pe, mfupa mgumu mweusi, ubongo wenyewe kijivu. Sehemu ya ubongo iliyoumia huvimba na kushika maji, kwa hiyo mtaalamu wa radiolojia hutafuta weupe mahali pasipostahili weupe. Nguvu ya picha hizi imo humo, na udhaifu wake pia umo humo. Neva inayokufa njaa polepole bila kuvimba haing'ai.

Kwa magonjwa ya neva yaletwayo na upungufu wa vitamini, hilo ni jambo la kuzingatia kabla mbuzi hajauzwa. Mara nyingi habari kamili iko kwenye sahani na mdomoni mwa mgonjwa wiki nyingi kabla haijaonekana kwenye filamu, na kuna nyakati kwenye filamu haionekani kamwe.

Kisa kikubwa cha namna hii kilichoandikwa kutoka Tanzania hakikutokea milimani. Kilitokea kulekule malori yanakoelekea. Kuanzia 1988 madaktari wa macho Dar es Salaam walianza kupokea vijana ambao macho yote mawili yalikuwa yamefifia kwa pamoja, bila maumivu. Hawakuwa wamepofuka gizani. Walichopoteza ni katikati ya uono. Kijana wa namna hii hutembea barabarani bila kugonga mtu, huona daladala ikija, lakini hawezi kusoma kibao kama inakwenda Mbagala au Gongo la Mboto. Ubaoni darasani haoni maandishi. Sura ya mtu aliye mbele yake ni ukungu, na rangi nyekundu imechujuka. Kwa kuwa anatembea vizuri, ni rahisi kudhaniwa anajifanya. Wengi wao walikuwa pia na miguu inayowaka moto usiku, na baadhi masikio yalipungua nguvu.

Mwaka 1997 Gordon Plant na wenzake, akiwemo daktari wa macho A. T. Mtanda aliyekuwa ameanza kuandika juu ya magonjwa haya ya neva ya jicho nchini tangu miaka ya themanini, waliueleza ugonjwa huo kwa kina katika jarida la kitabibu. Walichokiona hakikuhitaji sumaku. Jicho ndipo mahali pekee mwilini ambapo daktari anaweza kuitazama neva kwa macho yake, akiwa na kifaa kidogo chenye taa kinachoshikwa mkononi. Nyuma ya jicho kuna duara dogo ambamo nyuzi za neva hukusanyika kuelekea ubongoni. Kwa mtu mzima wa afya duara hilo lina rangi ya chungwa iliyokolea kidogo. Kwa vijana hawa upande wake wa nje, ule unaoelekea sikioni, ulikuwa umepauka. Hapo ndipo huingia nyuzi nyembamba zinazobeba habari ya katikati ya uono: kusoma, kutambua nyuso, kupambanua rangi. Nyuzi hizi zinafanya kazi bila kupumzika, hazijavikwa mafuta zikiwa ndani ya jicho, na zinatumia nishati kupita kiasi cha wembamba wake. Vitamini za kundi B ni vitendea kazi vya kutengeneza nishati hiyo. Zikipungua, nyuzi nyembamba ndizo za kwanza kuzimika, na ndiyo maana ugonjwa huchagua katikati ya jicho na nyayo za miguu, kwenye nyuzi nyembamba nyingine zinazosafiri mbali kuliko zote. Mgonjwa kama huyu akipigwa MRI, faida yake kubwa ni kuhakikisha hakuna uvimbe unaobana neva.

Wakati Dar es Salaam inaanza kuhesabu wagonjwa wake, Cuba ililipuka. Kati ya 1991 na 1993 watu zaidi ya 50,000 kisiwani humo walipatwa na ugonjwa unaofanana sana na huu. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeanguka, mafuta na chakula vikaadimika, watu wakala kidogo huku wakitembea na kuendesha baiskeli kwenda kazini, na wavuta sigara wakaumia zaidi. Serikali iligawa vidonge vya vitamini B nchi nzima, na wimbi likashuka. Tanzania haikupata wimbi la ghafla namna hiyo. Ilipata mchirizi usiokatika, wagonjwa wachache wachache kwa miaka, na labda ndiyo sababu watu wengi hawajawahi kuusikia. Utafiti uliochapishwa 2011 uliwalinganisha wagonjwa na watu wazima wasiougua, na mambo mawili yakajitokeza: wagonjwa walikuwa na foleti kidogo mwilini, na moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulikuwa unaongeza hatari. Jiko la mkaa ndani ya chumba kimoja cha kupanga, watafiti wakaliweka kwenye orodha ya mambo yanayoweza kuhusika na upofu wa kijana.

Foleti ndiyo inayonifanya niyatazame yale malori kwa jicho jingine. Ni vitamini ya majani. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walichakata tani nne za spinachi ili kupata kiasi kidogo tu cha kuichunguza. Lushoto inaotesha majani hayo, inayafunga na kuyapeleka mjini kila usiku, na mjini kuna watu ambao neva zao zimekosa kilekile kilichoshushwa sokoni. Bei ni sehemu ya maelezo. Upishi ni sehemu nyingine. Foleti huyeyuka kwenye maji na haistahimili moto wa muda mrefu, hivyo mchicha uliochemshwa hadi ukalegea, maji yakamwagwa, kisha ukapashwa jioni, umeacha sehemu kubwa ya thamani yake kwenye karo. Na tuwe wakweli kuhusu kabichi: inajaza lori vizuri na haioni taabu njiani, lakini kwa foleti haifiki popote mbele ya mchicha au maharage.

Milimani kwenyewe sahani ina historia yake. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti uliofanyika Lushoto kuhusu nafasi ya majani ya porini katika mlo wa Wasambaa. Alionyesha kwamba majani yanayojiotea pembezoni mwa mashamba, yale ambayo bwana shamba huyahesabu kuwa magugu, yalikuwa na uzito mkubwa katika kitoweo cha kila siku. Mchunga ule mchungu, mnavu, na jamaa zao. Nadhani huo ni miongoni mwa tafiti muhimu zaidi kuwahi kufanywa katika milima hii, maana wataalamu waliokuja kabla na baada yake walihesabu gunia za mazao ya soko na kupita bila kutazama kapu la mama anayerudi shambani. Ukiongeza makande, mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja hadi yakaiva barabara, unapata mlo ambao kwa foleti haujambo.

Tatizo ni kwamba mlima wote huo wa kijani hauna vitamini B12 hata chembe. B12 hutengenezwa na bakteria, na binadamu huipata kwa kula vitu vya wanyama: nyama, ini, maziwa, mayai, samaki. Fungu la dagaa, wakiliwa wazima na vichwa vyao, linazidi shamba zima la karoti. Kaya inayouza maziwa yote asubuhi na kula nyama sikukuu kwa sikukuu inaishi karibu na ukingo bila kujua. Na ukingo huu una hila, kwa sababu ini huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Mtu anaanza kupungukiwa leo, miguu inamdai miaka mitatu minne baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kilichobadilika.

Wapo pia wanaokula vizuri na bado wanapungukiwa. Tumbo la mzee hushindwa kuichomoa B12 kutoka kwenye chakula. Wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini kwa miaka mingi hupungukiwa polepole, na dawa hiyo ndiyo inayotolewa zaidi kliniki za kisukari. Mzee analalamika ganzi, anaambiwa ni sukari, na mara nyingi ni sukari kweli. Lakini B12 haikupimwa.

Dalili za upungufu wa B12, ukizijua, hazifanani na za kuchoka. Mgonjwa husema anahisi amekanyaga sufi. Mchana anatembea, usiku anayumba njiani kuelekea chooni. Akiinama kunawa uso na kufumba macho, anapepesuka. Sababu ni kwamba njia za nyuma za uti wa mgongo, zinazouambia ubongo mguu uko wapi, zimevuliwa mafuta yanayozifunika, na macho ndiyo yaliyokuwa yakiziba pengo. Muuguzi anaweza kuligundua hilo kwenye veranda ya zahanati: simama, miguu pamoja, fumba macho. Daktari wa Berlin, Moritz Romberg, alilieleza jaribio hilo katika karne ya 19 na halijahitaji umeme hadi leo. Kipimo cha pili ni uma wa chuma wenye meno mawili. Unaugonga uvume, unauweka kwenye kifundo cha mguu, unauliza: “Babu, unausikia unatetemeka?” Akijibu hausikii, na wewe mkononi bado unausikia, swali la msingi limejibiwa.

Hapa MRI ina la kusema, tena kwa ufasaha. Uti wa mgongo ukipigwa picha shingoni na kuangaliwa kwa mkato wa kulala, sehemu ya nyuma huonekana nyeupe katika umbo la herufi V iliyopinduliwa. Mtaalamu akiiona, B12 ndiyo ya kwanza kumjia. Sindano za B12 zikianza mapema, weupe huo unaweza kufutika baada ya miezi, na mgonjwa akarudi shamba. Zikichelewa, picha inaweza kusafika na miguu isirudi.

Kwa watu wa milimani kuna mtego wa ziada. Kwa kawaida upungufu wa B12 hutangulia kujionyesha kwenye damu: chembe nyekundu zinakuwa kubwa na chache. Lakini foleti ikiwa nyingi, damu inaweza kuonekana haina tatizo huku uti wa mgongo ukiharibika. Mlo wa majani na maharage unaoilinda damu ya Msambaa unaweza, kwa asiyegusa nyama wala maziwa, kuinyamazisha kengele iliyopaswa kulia kwanza. Daktari anayetegemea picha kamili ya damu peke yake atamrudisha mtu huyo nyumbani.

Vitamini B1, yaani thiamini, haina subira ya B12. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili hadi tatu tu. Mjerumani Carl Wernicke alieleza maangamizi ya kuikosa mwaka 1881 kwa wagonjwa watatu, wanaume wawili walevi na mwanamke aliyetapika kwa wiki kadhaa baada ya kunywa tindikali. Vitabu vikawakumbuka walevi, na tangu hapo ugonjwa huu umebandikwa chapa ya pombe. Walevi wa pombe ya miwa wapo Usambara kama walivyo walevi kwingine, lakini mimi namhofia zaidi yule wa tatu, kwa sababu wodi ya wazazi ina watu wanaofanana naye.

Chukua mjamzito wa miezi miwili na nusu ambaye kutapika kumepita kiasi. Wiki ya tatu sasa hakuna kinachokaa tumboni. Analetwa na mama mkwe, amelegea, macho yanacheza pembeni bila utulivu, akisimama anatanua miguu kama mtu aliye ndani ya mashua, na anauliza swali lile lile mara nne. “Mama, lini mara ya mwisho kala na kikabaki?” muuguzi anamuuliza mkwe. Jibu la swali hilo lina thamani kuliko mashine yoyote, kwa sababu kinachofuata kwenye wodi nyingi ni kumtundikia dripu ya glukosi. Seli zinahitaji thiamini ili kuichoma glukosi. Ukimwaga sukari kwenye ubongo usio na thiamini, unamalizia kidogo kilichobaki. Sindano ya thiamini inatakiwa itangulie au iende sambamba na dripu, na gharama yake haifiki hata nauli ya kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam.

MRI ya mgonjwa wa Wernicke, inapokuwa na kitu, ni picha isiyosahaulika. Weupe hukaa pande mbili kwa ulinganifu, katikati kabisa ya ubongo: ndani ya thalamasi, kuzunguka mfereji mwembamba unaopitisha maji ya ubongo, na kwenye vinundu viwili vidogo chini yake vinavyohusika na kumbukumbu. Tatizo ni hilo neno inapokuwa. Katika utafiti mmoja unaonukuliwa sana, MRI iliugundua ugonjwa kwa asilimia 53 tu ya waliokuwa nao, ingawa ilipoonyesha dalili ilikuwa nadra kukosea. CT ni dhaifu zaidi. Karibu nusu ya wagonjwa, basi, wangeteremka mlima wote ule na kurudi na bahasha iliyoandikwa ubongo uko sawa. Nao uchunguzi wa maiti uliochapishwa na Clive Harper nchini Australia mwaka 1986 ukaonyesha kwamba dalili tatu za vitabuni, macho, mwendo na kuchanganyikiwa, zilionekana zote kwa pamoja kwa asilimia 16 tu. Kwa ugonjwa kama huo, anayesubiri uthibitisho anasubiri kumbukumbu ya mtu ipotee.

Huwa najiuliza wangapi walipelekwa kwingine. Usambara ina Lutindi, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani na baadaye ikawa hospitali ya magonjwa ya akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Ilipoanza kupokea wagonjwa hao, neno vitamini lilikuwa halijabuniwa. Casimir Funk alilipendekeza 1912. Aliyechanganyikiwa kwa kukosa B1, au kwa pelagra, ugonjwa wa mlo wa mahindi matupu, angehesabiwa mwendawazimu tu.

B6 haitahitaji maneno mengi. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huipunguza mwilini, na miguu huanza kuchoma. Tanzania, ambako Karel Styblo alisaidia kujenga kuanzia 1977 mpango wa kifua kikuu ulioigwa duniani, inalijua hilo, na kidonge cha B6 hutolewa pamoja na dawa. MRI ya mgonjwa huyu haionyeshi kitu, na haina haja ya kupigwa.

Picha ambayo Lushoto inayo ni altrasaundi. Upungufu wa foleti mwanzoni mwa ujauzito huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupata pia kichwa kikubwa, ambao ndio wagonjwa wa upasuaji wanaojaa taasisi ya mifupa na ubongo ya MOI pale Muhimbili. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides na wenzake London walionyesha kwamba mgongo wazi unaweza kutambuliwa tumboni kwa kutazama kichwa: fuvu hubonyea mbele likafanana na limao, na ubongo wa nyuma hujikunja kama ndizi. Nchi ya ndizi na malimao haina kisingizio cha kusahau alama hizo. Ila altrasaundi hiyo hupigwa mwezi wa tano, na mrija wa neva hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, siku ambazo mama mwenyewe hajui kama amebeba. Jaribio kubwa lililochapishwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwaka 1991 lilithibitisha kwamba asidi ya foliki, yaani foleti ya vidonge, ikianzwa kabla ya mimba, hupunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa tatizo kurudia kwa mama aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo. Vidonge vya fefo, vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vinavyotolewa kliniki ya wajawazito vinasaidia damu, lakini kwa mgongo wa mtoto vimefika mlango ukiwa umeshafungwa.

Ndiyo maana serikali ilitunga kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubishi, ikiwemo asidi ya foliki na B12, kwenye unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani. Ngano ni rahisi, viwanda ni vichache. Mahindi ni kesi nyingine. Shirika la Sanku limekuwa likifunga kwenye mashine ndogo za unga kifaa kinachopima na kudondosha virutubishi wakati wa kusaga, na hilo linafaa pale mwenye mashine anapouza unga wake kwenye mfuko. Lakini mama wa Mlalo au Mtae, huko milimani, anakuja na debe lake la mahindi kichwani, anataka sembe ikobolewe iwe nyeupe, analipa ya kusaga na kuondoka. Akisaga dona anabaki na kiini na vitamini B zake za asili, ambacho ni kitu, ingawa B12 haimo na foleti iliyomo haitoshi kwa kazi hii.

Ningekuwa na sauti kwenye zahanati hizo ningeanzia kwenye chumba cha uzazi wa mpango. Mwanamke anayekuja kutolewa kijiti kabla ya muda wake ametangaza, bila kuulizwa, kwamba anataka mtoto. “Dada, unajipanga kubeba?” “Ndiyo, nesi.” Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ndiyo dozi inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mwanamke kama huyo, na vidonge vya fefo, vyenye asidi hiyo, viko kwenye kabati la chumba cha pili. Apewe siku hiyohiyo.